Atticus Finch alishindwa kesi. Kwa nini bado anaitwa dhamiri ya riwaya?

SWALI: Mimi ni baba wa binti wa miaka 14. Amepewa To Kill a Mockingbird ya Harper Lee aisome, nami nikairudia ili tuweze kuzungumza. Kila mtu anasema Atticus Finch, yule wakili, ndiye dhamiri ya kitabu kizima. Sikatai kwamba ni mtu mwema, lakini kesi alishindwa, mteja wake akauawa, na mji ukabaki vilevile. Tena mwishoni anakubali kifo cha Bob Ewell kielezwe kwa uongo. Halafu kuna kitabu cha 2015 kinachomwonyesha akikaa meza moja na wabaguzi. Sasa hiyo dhamiri iko wapi? Na binti yangu nimwambie nini?

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza mengi kwa pumzi moja, na lile ulilolipitia haraka, la uongo wa mwisho, ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia, ila mengine yatangulie, maana bila hayo halieleweki.

Kwa wasiokijua kitabu: kilitoka Julai 1960 na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Pulitzer. Kisa kinatokea Maycomb, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, katikati ya miaka ya 1930. Anayesimulia ni Scout, bintiye Atticus, ambaye hajatimiza miaka sita hadithi inapoanza na anakaribia tisa inapokwisha. Atticus ni mgane. Analea watoto wawili, Scout na kaka yake Jem, akisaidiwa na Calpurnia, mpishi wao Mweusi. Anateuliwa kumtetea Tom Robinson, kibarua Mweusi anayedaiwa kumbaka Mayella Ewell, msichana Mweupe wa miaka 19. Ushahidi unaonyesha wazi kwamba Tom hana kosa. Anatiwa hatiani hata hivyo, na baadaye anapigwa risasi akijaribu kutoroka gerezani. Kisha Bob Ewell, babake Mayella, anawavizia watoto wa Atticus usiku. Anayewaokoa ni Arthur Radley, wanayemwita Boo, jirani ambaye kwa miaka mingi hajaonekana nje ya nyumba yao.

Tuanze na kushindwa. Umeliweka kana kwamba linamvua cheo, wakati mwandishi hakutuficha tangu mapema kwamba atashindwa. Katika sura ya tisa Scout amechokozwa shuleni kwamba baba yake anawatetea Weusi, na ngumi zimemkunjika. Anamwendea baba na kumuuliza. Atticus hamwambii kwamba Tom hana kosa, wala hatoi hotuba juu ya ubaya wa ubaguzi. Anasema asipoifanya kesi hiyo hataweza kutembea mjini kichwa juu, hataweza kuiwakilisha kaunti yake katika bunge la jimbo, na hataweza tena kumwambia Scout wala Jem wafanye hili au waache lile. Mtoto anauliza kama watashinda. Anajibiwa hapana.

Angalia sababu hizo zinavyoshuka. Ya kwanza inahusu mji, ya pili bunge, na ya tatu inaingia ndani ya nyumba na kukaa hapo. Mtu huyu anahesabu mamlaka yake ya kumwambia mtoto "usipigane" kuwa yanategemea anachofanya mahakamani. Akikwepa kule, huku hana tena la kusema. Kwangu hicho ndicho kinachomfanya aitwe dhamiri ya riwaya: anajiwekea kipimo kimoja tu, kwamba awe mtu yuleyule nyumbani na mjini, kisha kitabu kizima kinatumia kipimo hicho kuwapima watu wengine. Wanawake wa kanisa wanaowalilia maskini wa nchi za mbali huku wakiwasimanga wapishi wao wanapimwa kwacho. Mwalimu anayemlaani Hitler darasani na kufurahia kwamba Weusi wa mjini wamepewa fundisho anapimwa kwacho. Na Atticus mwenyewe anapimwa kwacho, mara mbili au tatu, na si kila mara anapita.

Tena hakujitolea, jambo ambalo wengi wanalisahau. Usiku mmoja Scout anasikiliza kwa kujificha baba yake akizungumza na ndugu yake Jack, na Atticus anakiri kwamba alitarajia kuishi maisha yake yote bila kukutana na kesi ya namna hiyo, lakini Jaji Taylor alimnyooshea kidole. Hata sheria za jinai hazipendi. Wateja wake wawili wa kwanza walinyongwa. Nyuma ya tukio hilo la kubuni iko historia ya kweli ya Alabama. Mwaka 1931 vijana tisa Weusi walikamatwa wakidaiwa kuwabaka wanawake wawili Weupe ndani ya treni ya mizigo, na wanane kati yao wakahukumiwa kifo upesi upesi. Ndiyo kesi inayojulikana kwa jina la mji wa Scottsboro. Mwaka 1932 Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu hizo kwa kuwa washtakiwa hawakupata utetezi wa maana. Kwa hiyo katika miaka ya Atticus, mshtakiwa asiye na uwezo akikabiliwa na hukumu ya kifo ilikuwa lazima apewe wakili. Maycomb wanalijua hilo. Scout mwenyewe anang'amua barazani mwa mahakama, akiwasikiliza wazee wanaopiga soga, kwamba kuteuliwa kwa baba yake hakukuwaudhi. Kilichowaudhi ni kwamba alikusudia kumtetea mtu huyo kwelikweli.

Na gharama yake ilikuwa ya kweli pia. Jaji James Horton, aliyesikiliza moja ya kesi hizo za Scottsboro, alifuta uamuzi wa hatia mwaka 1933 kwa kuwa ushahidi haukutosha. Mwaka uliofuata wapiga kura walimwondoa kazini. Ukiwa na habari hiyo mkononi, Atticus hafanani tena na malaika. Anafanana na mtu wa sampuli iliyokuwapo, adimu lakini iliyokuwapo.

Sasa Bi Dubose, ambaye wasomaji wengi humruka ili waifikie mahakama. Ni kikongwe mgonjwa, mwenye ulimi mchafu, anayewatukana watoto kila wanapopita na kusema baba yao hana tofauti na hao Weusi anaowafanyia kazi. Siku moja Jem anashindwa kuvumilia, anaingia bustanini mwake na kuyakatakata maua yake ya kamelia. Atticus anamlazimisha aende akaombe radhi, na adhabu anayopangiwa na bibi ni kumsomea kitabu kwa muda wa saa mbili kila alasiri baada ya shule, na Jumamosi pia, kwa mwezi mzima. Anamsomea, na saa ya mezani ya kuwaruhusu watoto waondoke inalia kwa kuchelewa zaidi kila siku. Bibi anapofariki, Atticus anawaeleza siri. Alikuwa mraibu wa mofini kwa miaka mingi, madaktari walikuwa wamemwambia ana miezi tu ya kuishi, naye akaamua aiache kabla ya kufa ili asife akiwa mtumwa wa kitu chochote. Ile saa ilikuwa inampimia muda wa kukaa bila dawa. Atticus anasema huyo ndiye mtu jasiri kuliko wote aliowahi kuwajua, na kwamba ushujaa ni kuanza jambo ukijua umeshashindwa kabla hujaanza, kisha ukalifikisha mwisho.

Sura hiyo inafunga sehemu ya kwanza ya riwaya. Iliyotangulia ni ile ambamo Atticus anampiga mbwa mwenye kichaa kwa risasi moja kutoka mbali, na watoto, ambao walikuwa wakimwonea haya baba mzee asiyewinda wala kucheza mpira, wanajua kumbe alikuwa mlenga shabaha bora katika kaunti. Mwandishi dhaifu angetuacha na bunduki ile. Harper Lee anaipokonya papo hapo na kutupa bibi kizee kitandani anayetoka udenda. Kesi ya Tom inaanza baada ya hapo, na msomaji ameshafundishwa aitazameje. Kwa hiyo ukisema Atticus alishindwa, unasema kile ambacho yeye mwenyewe alisema mwanzo.

Lakini tusisahau Bi Dubose alikuwa nani. Alikuwa mbaguzi hadi pumzi ya mwisho, na Atticus alimvulia kofia kila jioni. Uwezo wake wa kuona ubora wa mtu mwenye chuki ni mzuri sana kwa watoto wake. Kwa Tom Robinson haukuwa na faida yoyote. Nitalirudia.

Mahakamani nakuomba umtazame Mayella kwa karibu zaidi ya Tom. Atticus ameshamwomba Bob Ewell aandike jina lake juu ya bahasha, na kila mtu ameona anaandika kwa mkono wa kushoto. Majeraha ya Mayella yalikuwa upande wa kulia wa uso. Mkono wa kushoto wa Tom umelemaa, mfupi kuliko wa kulia kwa futi nzima, tangu utotoni uliponaswa na mashine ya kuchambua pamba. Hoja imekwisha hapo. Lakini kabla hajaifikia, Atticus anaanza kumhoji msichana kwa upole, akimwita "Bi Mayella," na Mayella anapandwa na hasira. Anamlalamikia jaji kwamba wakili huyu anamdhihaki. Jaji anashangaa, inabidi amweleze kwamba hiyo ndiyo desturi ya Bwana Finch, huongea na kila mtu hivyo.

Miaka 19, na hajawahi kuitwa kwa heshima hata mara moja, kiasi kwamba heshima inamjia kama tusi. Scout, aliyekaa juu kwenye roshani ya Weusi pamoja na Mchungaji Sykes wa kanisa la Weusi, baadaye anawaza kwamba huyu lazima awe mtu mpweke kuliko wote duniani, kuliko hata Boo Radley. Na baba yake huyo mpole anamgeukia Mayella na maswali mfululizo mpaka anabaki akilia kwa ghadhabu. Lazima afanye hivyo, maana mwongo huyu anakaribia kumuua mtu. Na Scout anaona kwamba baba amempiga msichana pigo zito na hakufurahia, amekaa kichwa chini. Katika kitabu chote sijui mahali panapoonyesha vizuri zaidi dhamiri ikiwa kazini. Kutenda haki kwa Tom kunamdai amvunje msichana aliyekwisha kuvunjwa na baba yake, na hakuna njia ya tatu.

Baada ya hapo jopo la wazee wa mahakama, raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, linatoka kwenda kushauriana. Ni Weupe watupu na wanaume watupu, kwa sababu sheria ya Alabama wakati huo haikuwaruhusu wanawake, na Weusi walizuiwa kwa hila za kila aina. Wanarudi na hatia baada ya saa kadhaa. Atticus anatoka peke yake kwa njia ya katikati ya ukumbi, na Weusi wote roshanini wanasimama. Mchungaji Sykes anamwambia Scout naye asimame, baba yake anapita. Ni tukio ambalo limewatoa machozi mamilioni, nami pia lilinitoa. Lakini liangalie tena kwa jicho la pili. Watu ambao wamepoteza mwenzao ndio wanaompa heshima wakili. Asubuhi yake wanamjazia jikoni vyakula wasivyo navyo. Mke wa Tom tunamwona mara chache, na sauti yake tunaisikia kidogo mno.

Hapa ndipo wakosoaji walipoingilia, na wana hoja. Mwaka 1992 Monroe Freedman, profesa wa sheria aliyebobea katika maadili ya uwakili, aliandika kwamba Atticus hastahili kuwekwa mbele ya mawakili kama mfano. Aliishi ndani ya mfumo wa ubaguzi, akawa mbunge wa jimbo, na hakuugusa mpaka jaji alipomteua. Mwaka 2009 mwandishi Malcolm Gladwell aliandika katika jarida la The New Yorker kwamba Atticus anataka mioyo ya watu ibadilike huku sheria zikibaki zilivyo. Ukirudi kwenye maandishi utawakuta na ushahidi. Watoto wanapouliza kuhusu Ku Klux Klan, kikundi cha siri cha Weupe kilichowatisha na kuwaua Weusi, Atticus anasema kiliwahi kuwapo mnamo 1920 hivi lakini kilikuwa zaidi chama cha siasa, na hakikumpata wa kumtisha. Mtu wa Alabama anasema hivyo! Usiku genge linapokuja gerezani kumchukua Tom wamuue, Atticus amekaa mlangoni na taa na gazeti, hana silaha, na anayelitawanya genge ni Scout, anapomtambua Bwana Cunningham na kumsalimia na kumuuliza habari za mwanawe. Kesho yake Atticus anasema Cunningham kimsingi ni mtu mzuri, ana upofu wake tu kama sisi sote. Jem anamkumbusha kwamba mtu mzuri huyo alikuwa tayari kumuua yeye Atticus.

Jem amesema kweli. Ila riwaya haimwachi Atticus bila jibu: baadaye tunaambiwa kwamba katika lile jopo alikuwamo jamaa mmoja wa akina Cunningham, na yeye ndiye aliyewachelewesha wenzake akitaka Tom aachiliwe. Kwa hiyo imani yake kwa jirani si upuuzi mtupu. Ilinunua saa chache. Haikununua uhai wa mtu.

Na kuhusu uhai huo kuna sentensi ambayo ningependa wakosoaji na mashabiki wote waisome taratibu. Atticus alikuwa amemwahidi Tom kukata rufaa. Tom hakungoja. Alikimbilia uzio wa gereza mchana kweupe na walinzi wakampiga risasi, na mwilini mwake kulikuwa na matundu 17. Atticus anaporudi nyumbani kuchukua Calpurnia wakampe mjane habari, anasema labda Tom alichoka na nafasi za kubahatisha zinazotolewa na Weupe, akaona atafute yake mwenyewe. Anayesema hayo ni wakili aliyekuwa nafasi bora kabisa ambayo Weupe wa Maycomb walikuwa nayo. Anajua kwamba Tom aliipima akaiona haitoshi. Atticus hajitetei. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kitabu kinamwabudu bila kujua mipaka yake. Scout anamwabudu, ndiyo, kwa sababu ni mtoto. Mwandishi aliyeweka sentensi hiyo kinywani mwake alikuwa anaona mbali zaidi ya Scout.

Sasa baraza la nyumba ya Finch, sura ya 30, swali lako kubwa. Bob Ewell amekufa chini ya mti na kisu mbavuni. Jem yuko kitandani amevunjika mkono. Boo Radley amekaa kivulini kimya. Atticus anaamini aliyemuua Ewell ni Jem, katika kujitetea, na papo hapo anaanza kupanga kesi. Sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, Heck Tate, anasema hapana, Ewell aliangukia kisu chake. Atticus anadhani sherifu anataka kumfichia mwanawe, naye hataki. Jambo liwe wazi, anasema, kaunti nzima ije na vyakula vyao ikae isikilize. Akikubali kulifunika, atakuwa amekana mbele ya Jem kila alichojaribu kumlea nacho, na hawezi kuishi namna moja mjini na namna nyingine nyumbani. Kipimo kilekile, na sasa amekitamka kikiwa kinaelekea kumwangukia mwanawe mwenyewe. Yuko tayari.

Wanabishana kwa muda mrefu, mmoja akimzungumzia Jem na mwingine akimzungumzia Boo, mpaka Atticus anapong'amua. Sherifu hamfichi mtoto. Anamfichia yule mtu mwenye haya kupita kiasi, ambaye kuvutwa hadharani, hata kwa kushangiliwa, kungemmaliza. Sherifu anaongeza kwamba mtu Mweusi amekufa bure, na aliyesababisha amekufa pia, basi wafu wazike wafu wao.

Atticus anakaa akiangalia sakafu. Kisha anafanya jambo ambalo hajalifanya popote katika kitabu. Anamgeukia mtoto. Anamwambia Scout kwamba Bwana Ewell aliangukia kisu chake, na kumuuliza kama anaweza kulielewa hilo. Scout anajibu kwamba ndiyo, kufanya vingine kungekuwa kama kumpiga risasi mockingbird, yule ndege ambaye Atticus aliwakataza wasimlenge siku alipowapa bunduki za upepo, kwa kuwa hamdhuru mtu na kazi yake ni kuimba.

Je, alivunja kanuni yake? Alivunja, na sioni faida ya kuzungukazunguka. Mahakama aliyoiita mbele ya jopo kuwa ndiyo mahali pa pekee ambapo watu wote ni sawa ameikwepa, na ameikubali hadithi ya uongo. Kuna anayemtetea kwamba alichagua huruma badala ya herufi ya sheria. Mimi nadhani iko sababu nyingine iliyo karibu zaidi na kisa. Alishawahi kumpeleka mtu asiye na hatia mbele ya mji huu kwa kuamini mwanga wa hadharani, na mji ukamla. Hatapeleka wa pili.

Lakini hata hapo msomaji makini hawezi kulala usingizi. Wanaume wawili Weupe wanakubaliana barazani usiku namna kifo kitakavyoelezwa, na kesho hakuna atakayeuliza. Leo makubaliano hayo yanamwokoa Boo. Katika Alabama ile ile, makubaliano ya namna hiyo hiyo ndiyo yaliyokuwa yakiwalinda wanaoua Weusi. Huruma ya barazani ilipatikana kwa jirani Mweupe, na Tom haikumfikia. Sijui msomaji anayeweza kusoma sura hiyo akatoka na jibu moja safi, na sidhani Harper Lee alitaka atoke nalo.

Kilicho wazi kwangu ni kwamba hapo dhamiri imehama. Tangu mwanzo watoto walikuwa wakimtazama baba ili wajue lililo jema. Usiku ule baba ndiye aliyetazama uso wa binti yake kuona kama jambo linakubalika. Na binti alimpa ruhusa kwa maneno ambayo yeye mwenyewe alimfunza.

Kitabu cha 2015, Go Set a Watchman, nitakieleza kwa kifupi kwa sababu watu wamekipa uzito usio wake. Kilichapishwa baadaye lakini kiliandikwa kabla, katikati ya miaka ya 1950. Mhariri Tay Hohoff alimshauri mwandishi aijenge upya hadithi kutoka utotoni mwa Scout, na huko ndiko ilikotokea riwaya ya 1960. Humo Scout ana miaka 26, anarudi kutoka New York, na anamwona baba yake katika mkutano wa baraza la Weupe wanaopinga kuondolewa kwa ubaguzi. Hata matokeo ya kesi ni tofauti, mshtakiwa anaachiliwa huru. Kwa hiyo huwezi kuvisoma kama juzuu ya kwanza na ya pili, ukasema Atticus huyu ndiye yule aliyezeeka vibaya.

Hata hivyo kina jambo moja linalogusa swali lako. Ami yake Scout, Jack, anamwambia kwamba alizaliwa na dhamiri yake, lakini mahali fulani njiani aliibandika juu ya ya baba yake, akamgeuza baba kuwa Mungu, na ndiyo maana anguko linamuuma kiasi hicho. Harper Lee aliliandika hilo kabla hajaandika Atticus tunayemjua. Alipokuja kumwandika baba mwema, alikuwa ameshajua hatari ya baba mwema. Nadhani ndiyo sababu akamweka Scout pale barazani atoe neno la mwisho.

Baba yake Harper Lee mwenyewe, Amasa Coleman Lee, alikuwa wakili, mbunge wa jimbo na mhariri wa gazeti huko Monroeville. Mwaka 1919 aliwatetea Weusi wawili walioshtakiwa kwa mauaji, wakanyongwa.

Binti yako, basi. Mwonye mapema kwamba kitabu kimejaa neno la matusi dhidi ya Weusi, limetiwa vinywani mwa watu waliolitumia kila siku, na kwamba Atticus anamkataza Scout kulitamka. Zaidi ya hapo usimwambie kwamba Atticus ni shujaa, wala usimwambie kwamba wakosoaji wamemshusha. Mwache amalize. Kisha mrudishe sura ya 30 muisome pamoja kwa sauti, na umuulize angekuwa Scout angejibu nini, na kama jibu lake lingekuwa lilelile iwapo aliyekaa kivulini angekuwa Tom. Akikukatalia msimamo wako, usikimbilie kumrekebisha.